Mkono wa Vibrato kwenye Gitaa la Umeme: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Naandika kama fundi. Meza yangu iko Kikwajuni, na haipiti wiki sijaletewa gitaa lenye mkono wa vibrato ambalo mwenyewe ameshalichoka. Neno lao ni moja: "Halikai kwenye tuni." Mara nyingi gitaa lenyewe halina kosa. Ama mkono uliofungwa haulingani na anachopiga, ama kuna mahali nyuzi zinakwama na hakuna aliyepaangalia. Majibu haya ni yale ninayowapa watu wakiwa wamesimama mlangoni, ila hapa nimeyapa nafasi.

Vibrato ni kitu gani hasa, na kwa nini wengine wanaita tremolo?

Ni kifaa cha chuma kinachoshika nyuzi upande wa bodi, chenye mkono unaotokeza karibu na vidole vyako vya kulia. Ukiubonyeza, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Ukiuvuta juu, zinakazika na sauti inapanda. Huko kupanda na kushuka kwa noti ndiko vibrato. Tremolo ni jambo jingine: sauti inakuwa kubwa na ndogo, noti ikibaki pale pale. Leo Fender, mtengenezaji magitaa wa Marekani, alipotoa gitaa lake la Stratocaster mwaka 1954 aliuita mkono wake tremolo, na jina likaganda. Dukani sema lolote kati ya hayo utaeleweka. Mimi nasema mkono.

Napiga taarab. Mkono una faida gani kwangu?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Udi na fidla havina freti, vile vyuma vya kukatiza shingo vinavyogawa noti. Mpiga fidla akiwa kwenye bayati, moja ya makamu za taarab, kidole chake kinatua mahali ambapo gitaa halina. Chukua bayati inayoanzia D: noti ya pili iko katikati ya freti mbili, robo toni juu ya ile ya chini na robo toni chini ya ile ya juu. Gitaa likipiga freti ya chini, linasikika limenuna. Likipiga ya juu, linasikika kama limeingia harusi isiyo yake. Ndiyo maana wazee waliokulia kwenye fidla na ganuni za vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, wakisikia gitaa katika wimbo wa kizamani hukunja uso. Masikio yao yanadai noti ambayo chombo hakijapewa.

Mpiga gitaa ana njia mbili za kuifikia. Ya kwanza ni kupiga freti ya chini kisha kuusukuma uzi pembeni kwa kidole mpaka upande robo toni. Ya pili ni kupiga freti ya juu huku mkono umeshabonyezwa kidogo, kiasi ambacho kiganja kinakihisi kabla jicho halijakiona. Hii ya pili ina utamu wake, kwa sababu ukishaipata noti unaweza kuitikisa pale pale, polepole, kama mwimbaji anavyoikokota silabi ya mwisho ya beti. Aliyewaonyesha wengi kwamba mkono unaweza kuimba ni Jeff Beck, Muingereza aliyefariki 2023. Yeye aliacha kabisa kutumia kichanio, kile kibapa cha kupigia nyuzi, akapiga kwa vidole, na mkono akaukumbatia ndani ya kiganja wakati wimbo unaendelea. Tafuta anavyopiga nyimbo za taratibu, umsikilize kwa sikio la taarab.

Onyo moja: mkono unashusha nyuzi zote sita kwa pamoja, na kila uzi unashuka kiasi chake. Kwa noti moja moja ni raha. Kwa kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ukibonyeza sana utasikia nyuzi zikigombana.

Ziko aina ngapi?

Majina ni mengi, lakini zinazofika visiwani ni familia tatu.

Ya kwanza ni Bigsby. Hadithi yake inanigusa kwa sababu ilianza na malalamiko yale yale ninayoyasikia Kikwajuni. Merle Travis, mpiga gitaa wa Marekani, alikuwa na kifaa cha vibrato cha Doc Kauffman ambacho hakikurudi kwenye tuni. Akampelekea Paul Bigsby, fundi aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha pikipiki, amtengenezee. Bigsby akaona heri aunde kipya. Ndani yake nyuzi zinazungushwa kwenye mhimili wa duara, na chini ya mkono kuna springi moja, fupi na nene. Mwendo wake ni mdogo, kama toni moja kushuka na pungufu ya hapo kupanda. Kinachotoka ni wimbi la taratibu, mfano wa ngalawa iliyotia nanga boti ikipita mbali.

Ya pili ni ile ya Stratocaster, ambayo ndiyo imejaa madukani kwa kuwa kila kiwanda kimeiga. Hapa daraja lote, kile chuma ambacho nyuzi zinakalia upande wa bodi, linainama. Chini ya daraja kuna kipande kizito cha chuma kinachoingia ndani ya bodi, na nyuma ya gitaa, chini ya kifuniko, springi mbili hadi tano zinavuta upande wa pili. Nyuzi huku, springi kule, kama watu wanaovutana kamba. Na si mvutano mdogo: seti ya kawaida ya 10 hadi 46 (ndio unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu za inchi), ikiwa imetuniwa, inavuta karibu kilo 47, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Seti ya 9 hadi 42 inavuta chini ya kilo 40. Ndiyo maana ukibadilisha unene wa nyuzi bila kugusa springi, daraja linapanda au linalala.

Ya tatu ni Floyd Rose, iliyoanza miaka ya 1970. Hapa nyuzi zinabanwa kwa skrubu pande zote mbili, darajani na pale shingo inapokutana na kichwa. Unaweza kubonyeza mpaka nyuzi zikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, ukiachia zinarudi. Kwa wapiga roki wazito haina mpinzani. Lakini inataka pango kubwa lichimbwe ndani ya bodi, inataka alenki, vile vifunguo vya pembe sita wanavyotumia mafundi wa pikipiki, na kubadilisha nyuzi ni kazi ya kutengea muda. Mpiga gitaa wa bendi ya hoteli ambaye saa mbili usiku anapiga rumba na saa tatu anaombwa reggae, simshauri.

Kuna na ile ya Jazzmaster, gitaa jingine la Fender, ya mwaka 1958, laini sana, yenye kitufe cha kuifunga isiende. Ni nzuri, ila ikikuharibikia hapa utahangaika kupata kipuri.

Sasa nichague ipi?

Kama unapiga noti moja moja na unataka robo toni na mtikisiko wa sauti ya mtu: aina ya Stratocaster, iliyoinuliwa kidogo ili iende pande zote mbili. Kama unapiga kodi za taratibu na unataka mwisho wa wimbo uyumbe kidogo: Bigsby. Kama muziki wako ni wa kelele na kuzamisha noti hadi chini kabisa: Floyd Rose, nawe uwe tayari kuihudumia. Kama kila wiki unabadilisha tuni, mara uzi mnene unaushusha kutoka E hadi D, mara unaurudisha, usifunge mkono wowote wa kuelea, yaani ambao daraja lake halijalala juu ya bodi. Uzi mmoja ukilegea, mvutano wote unahama na nyuzi nyingine tano zinapanda.

Kwa nini gitaa langu linatoka kwenye tuni kila nikigusa mkono?

Watu wanakimbilia kulaumu springi. Mimi naanzia upande wa pili kabisa, kichwani.

Fanya hivi. Tuni gitaa, kisha bonyeza mkono polepole huku sikio lako liko karibu na kile kidaraja cheupe chenye mifereji sita, pale shingo inapoishia. Ukisikia "tik", uzi umekwama kwenye mfereji kisha ukachomoka kwa ghafla. Mkono ulipoachiwa, springi zilirudi mahali pake, lakini uzi ulikwama kabla haujafika. Uzi wa tatu, G, ndio mkorofi mara nyingi, hasa kwenye magitaa ya mtindo wa kampuni ya Gibson ambako nyuzi zikitoka kwenye kidaraja zinapinda kuelekea pembeni.

Dawa yake ya kwanza haina gharama. Legeza uzi, uinue kutoka kwenye mfereji, kisha sugua ndani ya mfereji kwa ncha ya kalamu ya risasi mpaka uwe mweusi. Ule unga ni grafiti, unateleza. Rudisha uzi, tuni, jaribu tena. Nimeona gitaa lililokuwa linauzwa kwa hasira likapona kwa kalamu ya mtoto wa skuli. Ikiwa "tik" haijaondoka, mfereji ni mwembamba kuliko uzi na unahitaji kupanuliwa kwa tupa nyembamba kabisa. Hapo mpelekee fundi, kwa sababu ukishuka zaidi ya kiasi, uzi utaanza kugonga freti ya kwanza.

Baada ya hapo ndipo uhesabu mizunguko ya uzi kwenye kikazio, kile cha kutunia kichwani. Miwili, mitatu, imetosha. Ukizungusha mara saba, kila mzunguko ni mahali pengine pa uzi kulegea na kujikaza. Kisha uangalie skrubu sita za mbele ya daraja, au nguzo mbili ambazo madaraja mengine huegemea. Chuma kikiliwa pale kinapogusana, daraja halina mahali pamoja pa kurudi. Kwenye Bigsby tazama daraja, kwa sababu nyuzi zinapita juu yake kwa kuteleza. Daraja lenye vigurudumu vidogo husaidia.

Nyuzi mpya nazo zinanyumbuka. Zivute kwa kidole moja moja, tuni, vuta tena, mpaka zitulie, kabla hujamlaumu mtu.

Hewa ya bahari inaharibu?

Inaharibu, na inaharibu usipopaona. Nimewahi kufungua kifuniko cha nyuma cha gitaa lililokuwa linapigwa kwenye hoteli ya ufukweni upande wa Nungwi. Mbele linang'aa, mwenyewe analifuta kila siku. Ndani springi zote tatu zilikuwa rangi ya kahawia iliyoiva, na skrubu mbili zinazoshikilia kile kipande cha chuma ambacho springi zinaning'inia zilikuwa zimekwama kwenye mbao kwa kutu. Ya kwanza ilifunguka. Ya pili ilikatika kichwa mkononi mwangu, nikalazimika kuichimba.

Kwa hiyo, ukimaliza kupiga futa nyuzi, daraja na mkono kwa kitambaa kikavu. Kila baada ya mwezi fungua kifuniko cha nyuma utazame. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye sehemu zinazosuguana na kwenye ncha za springi linatosha. Mafuta ya kupuliza usiyaelekeze kwenye mbao. Gitaa lisilale wazi dirishani wakati wa kusi, hata kama upepo ni mtamu. Vile vipakiti vyenye chembechembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, usivitupe. Viweke ndani ya mfuko wa gitaa.

Wakati wa kuchagua pia fikiria bahari. Bigsby imetengenezwa kwa aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, ingawa chumvi ikikaa juu yake inatoa madoa meupe na vishimo. Floyd Rose ina skrubu ndogo nyingi, na skrubu ndogo ikishika kutu kichwa chake kinazunguka kitupu. Mchango wa kutu kwenye lawama za "halikai kwenye tuni" ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Gitaa langu halina mkono. Naweza kuufunga?

Unaweza, lakini uliza kwanza utatoboa kiasi gani. Kufunga mkono wa Stratocaster au Floyd Rose kwenye gitaa lisilochongwa kwa ajili yake ni kuchimba bodi, na ukishachimba hakuna kurudi nyuma. Bigsby inakaa juu ya bodi. Kwa bodi bapa kuna B5, kwa bodi yenye mgongo kama Les Paul ya Gibson kuna B7, na kwa magitaa matupu ndani kuna B3 na B6 zinazoshikwa kwa skrubu ya ukingoni. Vipo pia vibao vya Vibramate vinavyokuwezesha kufunga Bigsby kwenye matundu yaliyopo bila kutoboa mapya. Kwa gitaa la thamani, au la urithi, nenda njia hiyo.

Ukiamua kutoboa, usipime kutoka ukingo wa bodi. Mimi nilifanya hivyo zamani kwenye gitaa la kaka yangu, na mkia, yaani kile kishikio cha nyuzi, ukakaa milimita mbili upande. Uzi mwembamba ukawa unateleza nje ya shingo kila akipiga juu. Tangu siku hiyo nafunga nyuzi mbili za pembeni tu, naulaza mkia mahali pake bila skrubu hata moja, nakaza kidogo, natazama umbali wa kila uzi kutoka ukingo wa shingo mpaka ulingane, ndipo naweka alama.

Nipime nini kabla ya kuagiza kutoka nje?

Kipuri kisichofaa kinachorudishwa ng'ambo kinakula nauli kuliko bei yake, basi chukua rula ya milimita.

Pima kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya skrubu ya sita ya daraja. Magitaa mengine ni milimita 56 na kitu, mengine 52 na kitu, na hayaingiliani. Kwa daraja la nguzo mbili pima kati ya nguzo. Ya Floyd Rose ni milimita 74. Pima unene wa bodi, kwa sababu magitaa ya bei nafuu yana bodi nyembamba na kile kipande kizito cha chuma kirefu kitatokeza nyuma. Mkono wenyewe nao una hesi zake, yale meno ya skrubu: wa Fender za Marekani hauingii kwenye matundu ya M6 au M5 (milimita 6 au 5) ya magitaa mengi ya Asia. Watu wanaulazimisha, wanaua hesi, na hapo daraja zima limekwisha.

Springi ngapi ndani?

Tatu zinawatosha wengi. Ukitaka mkono mgumu usiochezacheza, nne au tano.

Kupanga mwinuko: tuni, tazama nafasi kati ya mgongo wa daraja na bodi. Milimita 3 hivi ni nzuri. Ikiwa kubwa zaidi, kaza skrubu mbili za nyuma kwa bisibisi, nusu mzunguko kila upande. Tuni tena, tazama tena. Utarudia mara nne au tano, na usiwe na haraka, kwa sababu kila ukikaza springi nyuzi zinapanda na kila ukishusha nyuzi daraja linalala.

Uzi ukikatika katikati ya shughuli?

Kwenye daraja linaloelea, springi zinashinda papo hapo na nyuzi tano zilizobaki zinapanda. Hutaokoa wimbo huo. Anayepiga harusini ambako hakuna gitaa la pili, namshauri alilaze daraja juu ya bodi: kaza springi mpaka lilale, mkono ubaki wa kushuka tu. Hapo uzi ukikatika nyingine hazitikisiki sana. Unapoteza kupanda, unapata usingizi. Njia nyingine ni kuweka kipande cha mbao ngumu kilichokatwa sawasawa kati ya chuma kizito na ukuta wa pango, upande wa shingo, kule springi zinakovuta. Nimekata vingi vya mvule, na baadhi vipo ndani ya magitaa mpaka leo.

Mkono wangu unachezacheza kwenye tundu.

Zungusha utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye hesi, mara mbili tatu, kisha uurudishe.

Napiga kwa mkono wa kushoto.

Agiza wa kushoto tangu mwanzo. Kugeuza wa kulia kunaweka mkono upande wa nyuzi nene na utakupiga kiganja.

Naweza kujiundia mwenyewe?

Ndiyo, na mfano mkubwa unapakana na sisi. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Mpiga gitaa wa bendi yake, Brian May, alipiga gitaa aliloliunda nyumbani na baba yake kuanzia 1963. Springi za vibrato yake zilikuwa za vali za pikipiki aina ya Panther ya mwaka 1928, na mkono ulitokana na chuma cha kushikia mkoba wa baiskeli, nchani ukawekwa kichwa cha sindano ya kufumia. Daraja halikuegemea skrubu. Kishikio cha nyuzi kiliinamia juu ya makali ya chuma kigumu, mahali pamoja pembamba, ili kila mara kirudi pale pale. Ukitaka kuunda wako, anzia hapo. Springi utazipata kwa mafundi wa pikipiki. Makali yanayorudi mahali pamoja ndiyo kazi.

Nikinunua gitaa la mtumba lenye mkono, nikague nini?

Omba alenki na mkono wenyewe kwanza, kwa sababu hupotea. Tuni, bonyeza mara kumi kwa nguvu ya kawaida, angalia tuni. Inua mara kumi, angalia tena. Likirudi juu kidogo baada ya kubonyeza na chini kidogo baada ya kuinua, au kinyume chake, kuna msuguano, na msuguano unatibika. Likirudi kila mara mahali tofauti bila mpangilio, tazama zile nguzo au skrubu za mbele: zikiwa zimeegemea mbele na mbao imepasuka hapo, bodi imeshindwa na mvutano, na hiyo ni kazi ya kuziba na kutoboa upya. Fungua kifuniko cha nyuma mbele ya muuzaji. Akikuambia bisibisi hana, kachukue yako, yeye atasubiri.